Bata madume wote wamekwenda wapi? Hesabu yangu ya kinamasini katikati ya kiangazi

#1 Nyoyamoja

Wakuu, salamu kwenu.

Nina swali limenikaa kichwani tangu jana. Huku niliko kuna misimu minne na sasa tuko katikati ya kiangazi. Jana tulifanya matembezi ya kutazama ndege kwenye kinamasi cha karibu. Tulikuwa watu tisa, tukaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa tano, jua lilipokuwa halivumiliki. Kinamasi hicho nakijua. Nakizunguka kila mwezi na kila mara naandika hesabu kwenye daftari.

Mwezi Mei nilihesabu bata wa kichwa cha kijani 68: madume 37, majike 31. Bata huyu dume hajifichi. Kichwa kinang'aa, shingoni ana pete nyeupe, na manyoya ya juu ya mkia yamejikunja kama kikonyo cha tikiti. Jana nimepata bata 19 tu, wote kahawia wenye madoadoa. Dume hata mmoja hakuna. Nimerudia na darubini mara tatu.

Ndege wengine walikuwepo. Kibisi alikuwa anaelea na makinda wawili mgongoni, vichwa vyao vina milia. Kukuziwa kila kona. Mnandi watatu wametandaza mabawa juu ya mti mkavu. Korongo wa kijivu mmoja. Na vitwitwi kama kumi kwenye tope, ambao sikutarajia kuwaona mwezi Julai.

Lakini bata madume 37 hawapotei kama sindano. Wamekwenda wapi?

#2 Teleka_Juu

Wamehama mkuu. Ndege wa maji kazi yao ni kuhama. Jike akishatotoa, dume hana shughuli tena pale, anaondoka.

#3 MzeeWaMatete

Nyoyamoja, uliwaona. Walikuwa mbele ya darubini yako.

Bata dume akishamaliza msimu wa kupandana, huvua lile vazi. Jike anapoanza kuatamia, dume anamwacha, anajiunga na madume wenzake, na manyoya ya mwili yanaanza kupukutika. Yanayoota badala yake ni ya kahawia, ya madoadoa, karibu sawa na ya jike. Halafu linakuja jambo kubwa zaidi: manyoya yote marefu ya mabawa, yale ya kurukia, yanatoka kwa pamoja. Si moja moja kama kwa njiwa au kunguru. Yote. Kwa muda wa wiki tatu au nne hivi bata huyo hawezi kuruka kabisa.

Sasa fikiria wewe ndiye bata, huwezi kuruka, na una kichwa cha kijani kinachoonekana kutoka ng'ambo ya bwawa. Utaishi siku ngapi? Ndiyo maana vazi linabadilika kwanza, mabawa yanafuata.

Nimetazama jambo hili zaidi ya miaka ishirini na kila mwaka bado linanisimamisha.

#4 Kinda_la_Pili

Shikamoo mzee. Kwa hiyo kati ya wale 19 huenda wengine ni madume? Mtu anawatofautishaje ikiwa wote ni kahawia? Mimi ndiyo kwanza nimenunua darubini, naomba maelezo ya mtu anayeanza.

#5 BintiDarubini

Kinda, anza na mdomo. Manyoya yatakudanganya, mdomo haudanganyi kirahisi. Dume wa bata huyu hata akiwa kahawia mdomo wake unabaki wa manjano iliyofifia, rangi moja tangu mwanzo hadi ncha. Jike mdomo wake ni wa rangi ya chungwa na una madoa meusi, hasa katikati, kama umemwagikiwa wino.

Pili, sikiliza. Ile sauti kubwa ambayo kila mtoto anaigiza akiambiwa aige bata, "kwaa kwaa kwaa", ni ya jike peke yake. Dume wa aina hii sauti yake ni ndogo na ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza sikuamini. Nilikaa kando ya bwawa asubuhi nzima nikisikiliza, na kweli, kila aliyepiga kelele alikuwa na mdomo wa madoa.

Tatu, kama ametulia majini au amesimama ukingoni, tazama sehemu ya nyuma ya mwili. Bata mwenye mabawa kamili, ncha zake hulala juu ya mkia na huonekana. Aliyenyonyoka hana kitu pale, mwili unaishia ghafla.

Ila kuna mtego mwezi Julai: makinda wa mwaka huu waliokaribia kukua nao ni kahawia, na midomo yao bado haijatulia rangi. Kwa hiyo Nyoyamoja, usichukue wale 19 ukawagawa nusu kwa nusu. Huenda kuna majike, madume na watoto humo humo.

Kinda, kuhusu darubini: zile namba mbili zilizoandikwa juu yake ni zipi?

#6 Kinda_la_Pili

Asante sana dada. Imeandikwa 10x50.

#7 BintiDarubini

Hiyo inakuza mara 10 na lenzi za mbele zina upana wa milimita 50. Inaona mbali lakini ni nzito, na kila mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara kumi. Egemeza viwiko kwenye magoti au kwenye nguzo. Wengi wetu kwa matembezi tunatumia 8x42. Usiibadilishe lakini, izoee kwanza.

#8 Teleka_Juu

Mzee, nakuheshimu, ila maelezo yako hayatoshi. Hata kama wote 19 wangekuwa madume, Mei walikuwa 37. Kumi na wanane wako wapi? Na majike 31 wako wapi? Vazi linaweza kumfanya dume aonekane jike, haliwezi kupunguza idadi.

Tena kuna bata wanaojulikana kabisa kwa kuhama ili wakanyonyoke. Bata-bukini mwekundu-mweupe wa pwani za Ulaya kaskazini-magharibi, yule mwenye kichwa cheusi na mshipi wa kahawia kifuani, wengi wao huruka kila kiangazi hadi Bahari ya Wadden, pwani ya Ujerumani, wakanyonyokee pale kwenye matope mapana. Makinda wanaachwa nyuma kwa makundi, wanalelewa na wakubwa wachache waliobaki. Kwa hiyo nilivyosema "wamehama" sikukosea.

#9 MzeeWaMatete

Hapo umenena, Teleka. Hesabu hiyo imenikamata. Kuhama ili kunyonyoka kupo, na hata bata wa kichwa cha kijani baadhi yao hutafuta maji makubwa zaidi yenye maficho. Lakini ulivyosema mwanzo ilisomeka kama wamekwenda kusini kukimbia baridi, na Julai hakuna baridi ya kukimbia.

Kinamasi kile kina matete kiasi gani, Nyoyamoja? Maana bata aliyenyonyoka hakai katikati ya maji akiota jua. Anaingia ndani ya matete na kutulia. Unaweza kupita hatua kumi kutoka kwake.

#10 Nyoyamoja

Matete ni mengi, upande wa magharibi wote. Upande huo hatuoni ndani.

Nimesoma yote na nimerudi kwenye picha zangu. Zenye mdomo unaoonekana vizuri ni 9. Minne ya manjano, mitatu ya madoa, miwili siwezi kusema. Kumbe wanne walikuwa pale! Na mimi niliwaandika majike.

Kuna jambo sikulisema. Mwenzetu mmoja alipiga makofi ili waruke tupate picha ya mabawa. Hawakuruka. Walikimbia juu ya maji wakipigapiga vibawa, wakaingia kwenye matete. Wakati ule nilidhani ni uvivu wa joto.

#11 NyumbaYaKiota

Ndugu zangu, tafadhali. Tafadhali sana.

Bata yule hana mabawa. Anatumia akiba ya mwili wake kuotesha manyoya mapya, na kila mbio kama ile ni chakula anachokiteketeza bure. Ukimkurupusha anatoka mafichoni, na mwewe au mbweha hana haja ya mwaliko wa pili. Mbwa waliofunguliwa kamba ndio wabaya kuliko wote wakati huu, kwa sababu wanaingia hadi ndani ya matete. Ningependa kila kikundi cha matembezi kiambiane hili kabla ya kuondoka: Julai na Agosti tunatazama kwa mbali, hatupigi makofi, haturushi kijiwe.

Simlaumu Nyoyamoja, na hata mwenzake hakujua. Ila sasa tumejua.

#12 Nyoyamoja

Nimekuelewa na nimemtumia ujumbe wako. Amesikitika kwa kweli.

#13 DaktariWaMifugo_K

Nimechelewa kuuona uzi huu. Naomba mnisikilize kidogo kabla hamjakubaliana kwamba ni kunyonyoka tu.

Kiangazi, joto, maji yamepungua, bata hawaruki na idadi imeshuka. Mimi nikisikia mambo hayo manne kwa pamoja, kitu cha kwanza kinachonijia ni botulizimu ya ndege. Kuna bakteria wa jamii ya Clostridium wanaoishi kwenye tope. Maji yakipata joto na mimea ikaoza, oksijeni inaisha, bakteria hao wanazaliana na kutoa sumu. Ya aina C ndiyo inayowapiga sana bata. Sumu inakata mawasiliano kati ya neva na misuli: kwanza miguu na mabawa, mwisho shingo. Bata shingo ikishalegea, kichwa kinalala majini na anakufa maji.

Kibaya zaidi ni funza. Mzoga mmoja unaingiwa na funza, funza wanakula nyama yenye sumu na wao hawafi, bata mwingine mzima anakuja kula funza, naye anakufa. Mzoga mmoja unazaa mizoga mingine mingi.

Swali langu: walipokimbia juu ya maji, walitumia miguu au mabawa?

#14 Nyoyamoja

Daktari, umenitia hofu. Nimeangalia video ya mwenzetu sekunde kwa sekunde. Miguu inapiga kwa nguvu sana, maji yanaruka nyuma. Vibawa vinasaidia. Shingo zimenyooka mbele. Mizoga hatukuona, lakini hatukutafuta.

#15 DaktariWaMifugo_K

Vizuri. Hiyo inanipa moyo. Mgonjwa hufanya kinyume: miguu imekufa ganzi, kwa hiyo anajisukuma kwa mabawa kama mtu anayepiga makasia, na hawezi kukimbia. Hao 19 wanaonekana wazima. Hata hivyo hao 19 sio wale waliopotea. Zunguka kingo ukitafuta mizoga. Ukiiona usiiguse, mafua ya ndege nayo yapo siku hizi. Toa taarifa kwa wanaohusika na wanyamapori ili iondolewe mapema.

#16 Mfuga_Bata

Nina kisa. Nina bata wa kufuga wanaotokana na hao hao wa kichwa cha kijani. Nilikuwa na jike mmoja, mzee, aliyeacha kutaga. Mwaka uliofuata alianza kuota manyoya ya kijani kichwani na pete nyeupe shingoni! Majirani walisema nimebadilisha bata. Sauti ilibaki ya jike, kelele zile zile.

Ikiwa dume huonekana kama jike kwa muda, je, na jike anaweza kugeuka dume?

#17 BintiDarubini

Mfuga, kisa chako ni dhahabu. Hakugeuka dume. Kwa bata, vazi la kahawia la jike linashikiliwa na homoni ya kike, estrojeni. Ovari ikizeeka au ikiharibika, homoni inapungua, na manyoya yanayofuata yanatoka ya rangi kali kama ya dume. Maana yake ni kwamba rangi kali ndiyo inayotokea pale ambapo estrojeni haipo. Sisi tumezoea kufikiri dume ndiye amevaa na jike hakuvaa, kumbe ni kinyume chake.

#18 Kinda_la_Pili

Mbona basi dume naye anavaa kahawia kiangazi? Ana estrojeni?

#19 BintiDarubini

Swali zuri. Homoni za dume nazo hubadilika baada ya kupandana, lakini mimi nisingependa kulimaliza kwa sentensi moja.

#20 Sululu

Naomba kuuliza la lugha. Mleta uzi anasema "kiangazi" na mimi kichwani naona nchi kavu, majani yamekauka, mvua haijulikani itakuja lini. Kiangazi chetu wengine ni miezi ya Disemba hadi Machi. Huko kwenye misimu minne si tuseme "majira ya joto"? Nilisoma nusu ya uzi nikidhani bwawa limekauka.

#21 MzeeWaMatete

Sululu, wewe na jina lako la ndege wa mdomo mrefu, umechokonoa jambo la maana. Kiangazi ni jua kutawala. Kwa mwenye misimu minne jua linatawala Juni hadi Agosti, kwa hiyo hakukosea. Ila ni kweli, anayesoma akiwa karibu na ikweta lazima akumbushwe.

#22 Sululu

Na vitwitwi wake kumi wa mwezi Julai, nani amewajibu? Mimi huku karibu na ikweta ninao wachache pia mwezi huu, wakati vitabu vinasema wako kaskazini ya mbali wanataga.

#23 Teleka_Juu

Hao ni wangu. Kwa Nyoyamoja, kiangazi bado ni kibichi, lakini kwa ndege wa tope safari ya kurudi imeshaanza. Msimu wa kutaga karibu na Ncha ya Kaskazini ni mfupi mno. Aliyepoteza mayai hana cha kungoja, anaanza kurudi kusini mwishoni mwa Juni. Kuna aina ambazo majike huondoka mapema kabisa na kumwachia dume vifaranga. Vijana wa mwaka huu wanafuata baadaye peke yao, njia ambayo hawajawahi kuiona.

Wako wewe, Sululu, wengi ni vijana wa mwaka jana. Hawajafikia umri wa kutaga, kwa hiyo hawana sababu ya kwenda kaskazini. Wanabaki.

Na mtu asidharau safari za hawa ndege. Mwaka 2022 ndege kijana wa tope, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu, alifungwa chombo cha kumfuatilia, akatoka Alaska hadi Tasmania bila kutua. Kilomita 13,560 kwa siku 11. Hakula, hakunywa, na yeye hawezi kuelea majini kama bata akapumzika. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi.

#24 Kinda_la_Pili

Siku kumi na moja! Nimesoma mara mbili.

#25 Pembe_ya_Bwawa

Samahani, hivi tunaita "kinamasi" kitu gani? Kwangu kuna bwawa la kuchimbwa kwa mashine, lina ndege wengi, lakini nikiliita ardhioevu watu wananiambia ardhioevu ni ya asili tu.

#26 NyumbaYaKiota

Waambie hapana. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, unahesabu maeneo ya asili na ya kutengenezwa na watu, ya kudumu na ya msimu, maji baridi na ya chumvi. Hata bahari imo, mahali ambapo kina hakizidi mita sita maji yakiwa yamekupwa. Bwawa lako limo.

#27 Pembe_ya_Bwawa

Ahsante. Nitawaambia leo leo.

#28 Mwari

Turudi kwa bata. Nyinyi mnaosema dume anavaa kahawia ili ajifiche wakati hawezi kuruka: bata-maji wakubwa weupe, wale wa shingo ndefu, nao wananyonyoka mabawa yote kwa pamoja. Mbona wanabaki weupe kama shuka? Na mabata bukini je? Wananyonyoka wakiwa na watoto wao, rangi ile ile mwaka mzima.

#29 MzeeWaMatete

Wale weupe ni wakubwa na wakali, nani atawafuata? Na bukini wanajilinda kwa wingi, macho mia yanatazama pande zote. Bata mdogo hana ukubwa wala ukali, amebaki na kujificha tu.

#30 Mwari

Hilo linajibu nusu. Huku kwetu sisi wa joto, bata wengi dume na jike wanafanana mwaka mzima. Hawana vazi la kuvua. Kwa hiyo labda swali si "kwa nini dume anakuwa kahawia kiangazi", bali "kwa nini huko kaskazini anakuwa wa kijani miezi mingine". Huko jozi hutafutana kuanzia vuli na wakati wa baridi, kila mwaka upya, ushindani ni mkali. Kijani ni vazi la posa. Posa ikiisha linavuliwa. Kujificha ni faida iliyokuja juu yake.

#31 BintiDarubini

Mwari, umegeuza swali lote juu chini na nimependa. Sijui kama nakubali.

#32 Kinda_la_Pili

Mimi bado nimekwama kwenye kunyonyoka kwa pamoja. Njiwa anatoa moja moja na anaendelea kuruka. Bata kwa nini ajitie hatarini?

#33 MzeeWaMatete

Bata ana mwili mzito na mabawa madogo. Ndiyo maana anapiga mabawa haraka haraka bila kupumzika. Mwari au mwewe ana mabawa mapana, akipungukiwa manyoya mawili bado anaelea hewani. Bata akipungukiwa matatu tayari anaruka kwa shida, na hali hiyo ingedumu miezi. Afadhali alipe deni lote kwa wiki tatu au nne. Na yeye anaweza, kwa sababu chakula chake kiko majini na maficho yake yako majini. Njiwa akifanya hivyo atakufa njaa.

#34 Teleka_Juu

Nakazia. Hata kukuziwa na vibisi ni hivyo hivyo. Wote ni wa majini, na wote huwa hawaruki kwa muda baada ya manyoya ya mabawa kutoka pamoja.

#35 Sululu

Na hondohondo! Jike hujifungia ndani ya shimo la mti, dume akimlisha kupitia ufa mdogo, na aina nyingi humo ndani manyoya ya mabawa humtoka. Ni yale yale: ukiwa na ngome na chakula kinakuja, unaweza kuvua mabawa.

#36 Mwari

Nawasahihisha kidogo: si bata-bukini wote. Bukini mweusi-mweupe wa Australia, yule mwenye nundu kichwani na vidole visivyounganishwa na ngozi kikamilifu, hubadilisha manyoya ya mabawa polepole na hapotezi uwezo wa kuruka. Naye ni mzito. Kwa hiyo uzito peke yake haumalizi hoja, mzee.

#37 MzeeWaMatete

Huyo sikumjua. Umenifundisha leo.

#38 Pembe_ya_Bwawa

Mnandi waliotandaza mabawa, wanakausha nguo?

#39 NyumbaYaKiota

Hilo nalo lina mabishano yake. Manyoya ya mnandi yanalowa upande wa nje, ndiyo maana anazama kwa urahisi akiwinda samaki. Wengi wanasema anakausha. Wengine wanasema anaota jua ili apate joto, au anasaidia tumbo kusaga samaki wa baridi. Kuna mnandi wa visiwa vya Galapagos asiyeruka kabisa, mabawa yake ni vipande tu, naye anayatandaza vile vile akitoka majini.

#40 Sululu

Na korongo wa Nyoyamoja, miguu ilikuwa na weupe? Korongo hujinyea miguuni wakati wa joto ili unyevu ule ukikauka uwapoze. Si uchafu, ni feni.

#41 BintiDarubini

Sululu, hao ni wale korongo wengine. Kiswahili kinatupa jina moja kwa ndege kadhaa wa miguu mirefu. Wake ni wa kijivu anayevizia samaki. Akiruka hukunja shingo kama herufi S. Wale wanaojipoza kwa kinyesi hunyoosha shingo wakiruka.

#42 Nyoyamoja

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita.

Leo nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, peke yangu. Hewa ilikuwa imetulia, hakuna ule mtetemo wa joto juu ya maji unaoharibu picha kwenye darubini. Nilikaa chini kwenye nyasi na sikusogea kwa saa moja.

Bata 33. Midomo ya manjano 14, ya madoa 12, saba sikuweza kuamua. Walitoka kwenye matete mmoja mmoja kabla jua halijachomoza, wakala, na jua lilipopanda wakarudi ndani. Ilipofika saa mbili, saa ile ile tuliyoanza matembezi yetu, walibaki nje watano tu.

Mmoja wa mdomo wa manjano alijinyoosha bawa karibu sana nami. Manyoya mapya yalikuwa yanatoka, mafupi, bado yamefungwa kwenye vifuko vyao kama maua yasiyochanua. Nilishindwa hata kuinua kamera.

Nimezunguka kingo zote zinazofikika, Daktari. Mzoga mmoja tu, wa kukuziwa, mkavu wa siku nyingi. Nimetoa taarifa. Ukingoni nimeona manyoya marefu ya mabawa mengi, yamekusanywa na upepo kwenye kona moja.

#43 MzeeWaMatete

Nimesoma hilo la bawa na machozi yamenilenga. Hongera sana kijana wangu.

#44 Teleka_Juu

Hongera. Ila 33 si 68, na kufikia Julai makinda wa mwaka huu wanapaswa kuongeza idadi, si kuipunguza. Bado nasema sehemu yao wamekwenda kunyonyokea maji makubwa.

#45 DaktariWaMifugo_K

Na mimi siondoi shaka yangu hadi upande wa magharibi uangaliwe. Mzoga kwenye matete hauonekani kutoka ukingoni.

#46 BintiDarubini

Au majike walio na watoto wadogo bado wako ndani kabisa na hawatoki hata alfajiri. Jike hunyonyoka baada ya dume, watoto wakishakua. Kwake yeye kujificha ndiyo kwanza kunaanza. Nyoyamoja, hakuna njia ya kuingia magharibi?

#47 Nyoyamoja

Njia ipo, ya mbao, inapita juu ya maji katikati ya matete. Imefungwa kwa kamba hadi makinda wakue. Nimesimama mbele ya ile kamba leo kwa muda mrefu. Kutoka ndani nilisikia "kwaa kwaa kwaa", zaidi ya mmoja, na sauti ndogo ndogo za vifaranga nyuma yake.

Inafunguliwa Septemba. Nitaleta hesabu hapa hapa.

#48 Kinda_la_Pili

Mimi nangoja hapa. Na leo asubuhi nimeegemeza viwiko magotini, dada, nimeona mdomo wa manjano wa kwanza.